JE, BUNDUKI YA VITA YAWEZA KUONGOKA?



Wako mafundi katika Ulaya na Marekani ambao kazi yao ni kuzitwaa bunduki kuukuu za majeshi, zilizouzwa na serikali baada ya vita kwisha, na kuzifanya upya ziwe bunduki za kuwindia. Bunduki iliyochukuliwa na askari asiyejulikana, ikalala matopeni na ghalani, huvuliwa vazi lake la kiaskari na kuvikwa jingine zuri, nalo hupimwa kwa mkono na bega la mtu mmoja, kama nguo ipimwavyo na mshonaji. Kazi hiyo ilienea sana baada ya vita kuu ya 1914–1918, na zaidi tena baada ya vita ya 1939–1945, maana silaha zilizobaki zilikuwa nyingi mno. Bunduki ya namna moja tu ya Wajerumani, iitwayo Karabiner 98k, ilitengenezwa zaidi ya milioni 14 kabla ya vita kwisha mwaka 1945.

Watu hawapatani juu ya kazi hiyo. Wengine huisifu wakisema, "Tazama, chombo kilichofanywa kwa kuua watu sasa chawapatia watu kitoweo; je, si jambo jema?" Wengine huichukia wakisema, "Nyoka akijivua gamba, sumu hubaki palepale." Maneno yote mawili yana ukweli ndani yake, kwa hiyo yafaa tuyapime polepole. Wala asiseme mtu kwamba haya ni mambo ya mafundi wa mbali, hayatuhusu. Sisi nasi twageuza vitu kila siku: nyumba, desturi, ngoma, hata majina; tena walimu wetu wamewekwa katika kazi ya kuwaongoza watu wanaogeuka. Asiyejua kugeuka ni nini atadanganyika upesi aonapo mti mpya na rangi mpya.

KAZI YENYEWE

Bunduki ya askari haifanywi kwa ajili ya mtu mmoja. Yafanywa kwa ajili ya jeshi zima, warefu kwa wafupi. Mti wake hufunika mtutu karibu mpaka nchani, ili mkono usiungue wakati wa kupiga risasi nyingi, na ili chombo kistahimili mapigano na kuangushwa. Mbele pana mahali pa kupachika singe. Kilengeo chake kimeandikwa tarakimu hata mita 2,000, maana wakubwa wa majeshi ya zamani walifikiri kikosi kizima kitapiga kwa pamoja kundi la adui lililo mbali sana. Mwindaji hana haja na hayo yote. Yeye humpiga mnyama mmoja, kwa mita mia au mia mbili, akiisha kutembea siku nzima na bunduki begani.

Basi fundi huanza kwa kuondoa. Huutoa mti wa zamani, huliondoa pachiko la singe kwa msumeno na tupa, huufupisha mtutu au huufungua kabisa na kukaza mwingine mpya. Mkono wa komeo, yaani ule ushikwao wakati wa kufungua na kufunga, katika bunduki nyingi za zamani hunyooka kando. Yeye huutia moto na kuukunja chini usije ukagonga darubini. Kisha hutoboa matundu ya skrubu za kuishika darubini hiyo. Ndipo ije kazi ya mti. Hutwaa pande la mti wa jozi lililokaushwa muda mrefu. Hupaka chuma rangi nyeusi, hukilaza juu ya mti, hukiinua, na kila mahali palipobaki alama nyeusi hupachimba kidogo kwa patasi. Hufanya hivyo tena na tena, hata chuma na mti vikashikana pasiwe na nafasi ya kupenyeza karatasi. Mwisho hupaka mafuta ya kitani, husugua kwa kiganja, huacha yakauke, hupaka tena. Mtu aionaye kazi hiyo ikiisha hadhani kwamba chombo kile kilitoka kambini.

Ufundi huu umefika hata katika nchi zetu. Theodore Roosevelt, alipokwisha kutoka katika urais wa Marekani, alishuka Mombasa mwezi wa Aprili 1909 kwa safari ya kuwinda, na miongoni mwa silaha zake ilikuwako bunduki ya jeshi la nchi yake, iitwayo Springfield ya 1903, iliyowekewa kitako cha kuwindia. Aliandika kitabu cha safari ile. Kitabu hicho kilisomwa na fundi mmoja wa samani wa New York, jina lake Seymour Griffin, naye akapata Springfield akaichongea kitako mwenyewe. Mwaka 1923 yeye na James Howe walianzisha karakana yao. Mwandishi Ernest Hemingway alikuwa na Springfield iliyotoka katika karakana hiyo alipowinda Kenya na Tanganyika mwaka 1933 na 1934.

Lakini liangalieni neno hili. Katika kugeuza kote fundi haliondoi komeo, wala lile sanduku la chuma ambamo komeo hupita. Huo ndio moyo wa bunduki, na kwa ajili ya moyo huo aliinunua. Komeo la Mauser la mwaka 1898 lina masikio mawili mbele yanayojifunga ndani ya chuma, na sikio la tatu nyuma kwa kumlinda mpigaji yale mawili yakivunjika. Tena lina ukucha mrefu unaoidaka risasi mara itokapo katika sanduku lake, isidondoke hata bunduki ikiinamishwa. Askari aliyelala shimoni aliyahitaji hayo. Na mtu anayekimbiliwa na nyati ayahitaji hayohayo. Maana yake ni kwamba kilicho bora katika bunduki ya kuwindia ndicho kilichotungwa kwa ajili ya vita. Hakikugeuzwa, kimehifadhiwa. Hapo ndipo swali letu linapoanza.

CHUMA KILICHOUNGUA

Fundi mwenye akili hatangulii kuchonga mti. Hutangulia kuuchunguza moyo. Katika Marekani lilitokea jambo linalotufundisha sana. Mwaka 1917 baadhi ya bunduki za Springfield zilipasuka wakati wa kupigwa. Waliochunguza waliona kwamba kiwandani wafuaji walipima moto kwa macho, kwa kutazama rangi ya chuma kikiiva, kama wahunzi wote walivyofanya tangu zamani. Hawakuwa wavivu wala wanafunzi; walikuwa watu wazoefu wa kazi yao. Lakini siku ya jua kali wekundu wa chuma huonekana hafifu kuliko ulivyo. Kwa hiyo walizidisha moto pasipo kujua, na chuma kikaungua ndani, kikawa chepesi kuvunjika. Vilipotumika vyombo vya kupimia moto, kosa likaonekana, na mwaka 1918 njia ya kukitia chuma moto ikabadilishwa. Lakini bunduki karibu 800,000 za kiwanda cha Springfield, na zaidi ya 285,000 za kiwanda cha Rock Island, zilikuwa zimekwisha kutengenezwa kwa njia ya kwanza. Hata ile ya Roosevelt ilitengenezwa kabla ya mabadiliko hayo.

Zilizopasuka ni chache. Nyingi zilitumika miaka mingi bila madhara. Lakini hakuna awezaye kuishika moja na kuitazama tu akasema, "Hii ni nzima." Chuma kilichoungua hung'aa sawa na kilicho kizima, na hupokea rangi sawa nacho. Kitako cha thamani hakikuiponya kasoro hiyo. Kiliificha, kwa kuwa mwenye chombo kizuri huona haya kukishuku. Wazee wetu walisema kwamba vyote ving'aavyo si dhahabu. Sisi tuongeze kwamba macho ya mzoefu pia hukosea jua likiwa kali, yaani wakati mambo yote yanapoonekana kung'aa na kila mtu akiwa na furaha ya kazi mpya. Wakati huo ndio wa kuleta kipimo.

RISASI MBILI, HURUMA MOJA

Sasa tuje kwenye jambo ambalo kwa watu wengi ni kitendawili. Mwaka 1899 wajumbe wa mataifa walikutana The Hague, katika Uholanzi, wakaandika tamko la kukataza vitani risasi zinazotanuka au kubapa upesi ndani ya mwili wa mtu. Sababu yake ilikuwa huruma. Jeshi lataka kumzuia adui asipigane. Likiisha kumzuia, halina haki ya kumzidishia jeraha. Kwa hiyo risasi ya askari imevikwa ganda gumu, nayo mara nyingi hupenya mwili ikatokea upande wa pili. Mwindaji akimpiga pofu kwa risasi hiyo, mnyama aweza kukimbia na tundu dogo mwilini, akafia mbali kichakani baada ya saa nyingi, na hapati kuonekana. Basi sheria za kuwinda katika nchi nyingi, Norwei ikiwa mojawapo, zaamuru kwamba wanyama wakubwa wapigwe kwa risasi ya kutanuka, yaani namna ileile iliyokatazwa vitani.

Mtu mwepesi wa kucheka atasema sheria hizi zapingana. Sivyo. Ni huruma moja inayosema maneno mawili, kwa sababu yasema katika mahali pawili. Vitani yasema: Akiweza kupona, apone. Porini yasema: Akiwa hana budi kufa, afe mara moja. Hapa twaanza kuona kugeuka kwa kweli kulivyo. Chuma ni kilekile na komeo ni lilelile, lakini aliyeishika bunduki ameingia chini ya sheria nyingine. Imempasa kubadili risasi. Imempasa kubadili umbali, asijaribu kupiga mbali kwa sababu tu darubini yaona mbali. Imempasa kujifunza subira, na kukubali kurudi nyumbani mikono mitupu kuliko kupiga bila hakika. Tena akijeruhi, afuate damu hata giza liingie. Asiyebadili hayo amebadili mti tu.

Tena tusidhani kwamba kuacha kuwapiga watu na kuwageukia wanyama ni utakaso wenyewe. W. D. M. Bell, Mskoti aliyewinda Karamoja katika Uganda mwanzoni mwa karne ya 20, aliua tembo zaidi ya 1,000 kwa ajili ya pembe zao, wengi wao kwa bunduki nyepesi zenye komeo la Mauser na risasi ya milimita 7, iliyotungwa kwanza kwa majeshi. Alikuwa hodari wa shabaha, akajifunza mwili wa tembo ulivyo ndani ili aweze kumwangusha kwa risasi moja. Katika hilo alikuwa na huruma kuliko wengi. Lakini tembo elfu ni tembo elfu. Bunduki yaweza kuacha vita, na tamaa isimwache aliyeishika.

ALAMA ZILIZOFUTWA

Juu ya chuma cha bunduki ya jeshi hupigwa mihuri: mwaka, kiwanda, taji la mfalme au tai wa serikali. Mafundi wengi huisugua mihuri hiyo hata chuma kikawa laini kama kiganja. Je, ni vema?

Hapa neno ni zito. Bunduki nyingine za Wajerumani za vita ya pili zilitengenezwa kwa mikono ya wafungwa. Kando ya kambi ya Buchenwald palikuwa na kiwanda cha Gustloff, na katika kambi ya Gusen, huko Austria, wafungwa walitengeneza vipande vya bunduki vya kampuni ya Steyr. Katika kambi hizo watu wengi sana walikufa kwa njaa, kwa kazi na kwa mapigo. Mtu aliyepata bunduki ya namna hiyo, akaisugua mihuri yake, amefuta nini? Dhambi hakuifuta, maana haikuandikwa juu ya chuma. Amefuta ushahidi.

Atasema mtu, "Je, nimlaumu fundi anayechukizwa na tai wa Hitler juu ya chombo chake?" La, kuchukizwa kwake ni haki. Lakini sikilizeni habari za Norwei. Majeshi ya Wajerumani yalipoweka silaha chini huko mwaka 1945, yaliacha bunduki nyingi sana. Wanorwei hawakuwa na sababu ya kuzipenda, kwa kuwa walikuwa wametawaliwa kwa nguvu miaka mitano. Hata hivyo walizichukua kwa jeshi lao, wakatia nyingi mitutu ya kupokea risasi ya Kimarekani, na baadaye nyingi zikawa bunduki za kuwindia katika misitu yao. Lakini juu ya nyingi hawakufuta. Walipiga muhuri wa jeshi lao kando ya muhuri wa adui, na yote miwili yasomeka hata leo. Aishikaye asoma ilikotoka na ilikofika.

Naona njia hiyo ni bora. Kugeuka kwa kweli hakuhitaji kusema uongo juu ya jana. Nanyi walimu mwajua jambo hili katika watu. Yuko mtu aliyeacha maisha mabaya ambaye ndugu zake wamfanya asahau, wakikataza habari hizo zisitajwe nyumbani; naye hupata shida sana siku jaribu lile lirudipo, maana hakuna anayejua kumsaidia. Yuko mwingine ajuaye alikotoka, na wenziwe wajua, wala hajivunii wala haogopi. Huyo wa pili ana muhuri miwili, nao wa pili ndio wenye nguvu.

NJIA YA KWENDA NI NJIA YA KURUDI

Sasa nataka kusema juu ya hatari iliyo kubwa kuliko zote. Watu husema bunduki imegeuzwa kana kwamba imevuka mto na daraja likavunjika nyuma yake. Historia haisemi hivyo.

Katika karne ya 19, majeshi ya Ulaya yalipopata bunduki mpya za kutiwa risasi kwa nyuma, magobore yao ya kushindiliwa mdomoni yaliuzwa, na maelfu kwa maelfu yalipita Unguja kwenda bara. Yalisemwa kuwa ni ya kuwindia tembo, na kweli yaliwinda tembo. Lakini hayohayo yaliteka watu. Msafara mmoja ulishusha pwani pembe na watumwa pamoja, na mara nyingi gobore lililopata pembe ndilo lililopata mtumwa. Mkataba wa Brussels wa mwaka 1890, uliokataza biashara ya watumwa, ulizuia pia kuingiza silaha katika sehemu kubwa ya Afrika. Waliouandika walikuwa na faida yao wenyewe, kwa sababu mwenye kutaka kutawala hupenda kuwatawala wasio na silaha. Hata hivyo waliona kweli kwamba mambo hayo mawili yamefungamana.

Vita ya 1914 ilipoanza, njia ilifuatwa kwa upande wa pili. Wajerumani walikusanya bunduki za wawindaji zenye darubini, wakazipeleka mahandakini kwa kuwavizia watu. Waingereza nao walileta bunduki kubwa za kuwindia tembo, wakazitumia kutoboa ngao za chuma ambazo wapigaji wa Kijerumani walijificha nyuma yake. Na katika nchi yetu, Frederick Selous, mwindaji aliyejulikana duniani kote, alivaa nguo za jeshi la Waingereza, akapigwa risasi Beho Beho, karibu na Rufiji, tarehe 4 Januari 1917, naye ana miaka 65. Kaburi lake liko porini, katika eneo ambalo tangu 2019 ni Hifadhi ya Taifa ya Nyerere. Mwaka 1940 tena, Uingereza ilipoogopa kuvamiwa, raia wa Marekani walitoa bunduki zao za kuwindia zikapelekwa kwa wanamgambo wa Kiingereza. Katika siku kama hizo hakuna fundi aliyehitajika. Palihitajika neno la serikali tu.

Tena hata katika amani njia haikufungwa. Mwezi wa Machi 1963 mtu mmoja katika Marekani, akitumia jina la uongo, alipokea kwa posta bunduki kuukuu ya jeshi la Italia, iliyotengenezwa Terni mwaka 1940. Duka moja la Chicago liliitangaza gazetini pamoja na vyombo vya michezo na kuwinda, ikiwa imetiwa darubini. Bei yake pamoja na posta ilikuwa dola 21 na senti 45. Tarehe 22 Novemba mwaka huohuo Rais John Kennedy aliuawa kwa bunduki hiyo mjini Dallas. Mwaka 1968 Marekani ikatunga sheria ya kukataza raia kuuziwa bunduki kwa posta kutoka jimbo hata jimbo, ikazuia pia kuingizwa kwa silaha kuukuu za majeshi. Kwa muda wa miaka kadhaa mlango ule ulifungwa, kisha katika miaka ya 1980 ukafunguliwa tena kwa zile zihesabiwazo kuwa za kale. Bunduki ile ilikuwa imepewa jina jingine, na mahali pengine dukani. Hakuna aliyeuliza ni nani ataishika.

JE, TUZIVUNJE ZOTE?

Basi atasema mtu, "Kama ndivyo, dawa ni kuzivunja." Wasomaji wanayakumbuka maono ya nabii Isaya juu ya silaha zinazorudi shambani. Na kweli wako waliojaribu. Mwaka 1995, baada ya vita vya Msumbiji, Baraza la Wakristo la nchi ile, likiongozwa na Askofu Dinis Sengulane, lilianza kazi ya kupokea silaha kwa watu na kuwapa badala yake majembe, baiskeli na vyerehani. Silaha zilikatwa vipande zisipige tena, na wachongaji wakafanya viti na sanamu kwa vipande hivyo. Kazi hiyo naisifu. Mahali ambapo nchi imejaa silaha na hasira haijapoa, kumpa mtu bunduki iliyochongwa vizuri si hekima. Msumeno wafaa kuliko patasi.

Lakini tusidanganyike hata hapo. Katika Rwanda mwaka 1994 watu wengi sana waliuawa kwa panga, ambalo halikuwa silaha ya jeshi bali chombo cha shamba. Chuma kile kilikuwa tayari mahali ambapo twataka chuma kifike. Kilikata migomba na majani kwa miaka, na mikono ileile iliyolima ikakiinua juu ya jirani. Hakuna fundi awezaye kukipa chuma umbo lisiloweza kuua.

Sasa naweza kulijibu swali nililoliandika juu. Je, bunduki ya vita yaweza kuongoka? Haiwezi. Chuma hakiongoki, kwa kuwa hakikukosa. Yaweza kugeuzwa, na ufundi wa kuigeuza ni ufundi wa heshima. Mtu achongaye kwa uaminifu chombo cha kumlisha jirani hafanyi jambo baya. Lakini bunduki iliyogeuzwa yafanana na mfungwa aliyetolewa kwa dhamana. Yatembea barabarani kama wengine, yapendeza, wala hakuna minyororo miguuni pake. Hata hivyo kesi yake haikufutwa, na yuko mtu mmoja aliyeandika jina lake kwamba atajibu. Mtu huyo ni yule aishikaye. Yeye ndiye mwenye kuifungia kabatini usiku; yeye ndiye mwenye kukataa kuikopesha kwa mwenye hasira, hata akiwa ndugu; yeye ndiye wa kuwafundisha watoto wake habari zote za chombo kile, pamoja na mihuri yake. Akifa, dhamana haifi; yampasa kumchagua mwingine kabla ya kufa.

Ndiyo maana nasema sifa ya kazi hii isiishie kwa fundi. Fundi humaliza kazi siku ile anapokausha mafuta ya mwisho. Mwenye bunduki haimalizi kazi yake ya kuigeuza maisha yake yote, maana aigeuza kila mara anapoishika, kwa kulitaka jambo moja na kulikataa jingine. Siku atakapodhani kwamba kazi imekwisha, bunduki imekwisha kuanza safari ya kurudi.

Nanyi walimu, mtu akija kwenu na kitu kilichogeuzwa, awe na chombo, awe na desturi, au awe yeye mwenyewe, msianze kwa kuusifu mti mpya. Ulizeni kama moyo wake ulipimwa kwa kipimo, si kwa macho ya siku ya furaha. Ulizeni kama anaweza kuisoma mihuri yake ya zamani bila kufichaficha. Kisha ulizeni ni nani aliyeweka dhamana. Ikiwa hakuna, msimfukuze. Kaeni naye, na mmoja wenu aandike jina lake.